Mzunguko Mmoja Una Kuta Ngapi?

Mzee alikuwa ameegemea ukuta wa bwawa, viwiko juu ya ukingo, maji yakimfika kifuani. Nikafika nikitweta, nikashika ukingo karibu naye. Tulikuwa wawili katika njia moja, kila mtu akishika kulia kwake: unakwenda na upande huu, unarudi na upande ule, hamgongani.

"Umefika ngapi, kijana?"

"Ishirini na nne, mzee."

Akainua nyusi. "Hongera. Mimi kumi na nane tu."

Nilifurahi, siwezi kuficha. Furaha hiyo ilidumu sekunde mbili. Kisha nikakumbuka kwamba tulianza pamoja. Nilimwamkia pale pale ngazini, tukashuka, tukaondoka sambamba. Na tangu hapo mzee yule alikuwa akinipita. Mara ya kwanza nilidhani nimezubaa. Mara ya tatu nikaanza kumhesabia. Mara ya sita nikanywa maji.

Kanipita mara sita, halafu mimi ndiye ninayeongoza kwa mizunguko sita.

Kabla sijauliza akashusha miwani yake, akasukuma ukuta kwa miguu, akapotea.

Hiyo ni wiki nne zilizopita, na hesabu ile bado inanikera kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

## Duara lisilokuwepo

Tatizo linaanzia kwenye neno. Mzunguko ni kuzunguka, na anayezunguka hurudi alipoanzia bila kugeuka nyuma. Mkimbiaji anazunguka uwanja. Gari linazunguka barabara ya mashindano. Lakini bwawa ni mstatili. Lile la Olimpiki lina urefu wa mita 50, mengi tunayoyatumia yana mita 25, na Marekani bado wana ya yadi 25, yaani mita 22.86. Chini kuna mstari mweusi ulionyooka kama rula, unaokoma mita 2 kabla ya ukuta kwa alama ya T. Huzunguki kitu chochote. Unakwenda, unagusa ukuta, unageuka, unarudi ulikotoka.

Kwa hiyo mzunguko ni upi? Kugusa ukuta wa ng'ambo, au kurudi ulipoanzia?

Wenye Kiingereza hawatusaidii. Neno lao ni lap, na nao wamegawanyika vivyo hivyo: kwa mmoja ni upande mmoja, kwa mwingine ni kwenda na kurudi, na kila mmoja anamshangaa mwenzake. Mimi nilikuwa kundi la upande mmoja. Mzee, ilikuwa dhahiri, ni wa kwenda na kurudi.

Usiku huo nilikuwa na uhakika kwamba mzee ndiye aliyekosea. Nilipoamka sikuwa nao tena.

Kwa sababu katika njia ile ya watu wawili tulikuwa kweli tunazunguka! Tunapanda na ubavu mmoja, tunashuka na mwingine, kama mnyororo wa baiskeli. Ungetutazama kutoka juu ungeona duara refu lililobanwa. Basi kwa siku ile neno la mzee lilikaa sawasawa. Lakini kesho yake nilikuwa peke yangu katika njia, nikakwenda na kurudi juu ya mstari mweusi. Duara likafutika. Je, mwogeleaji akiondoka na mzunguko nao unaondoka? Nilicheka peke yangu, na kucheka ndani ya maji si jambo la kulifanyia mzaha.

## Kanuni zina ndimi mbili

Nikasema basi, waamue wakubwa. Nikaenda kwenye kanuni za kuogelea.

Kanuni za kimataifa hupima kwa urefu wa bwawa, kutoka ukuta hadi ukuta. Mita 1,500 katika bwawa la mita 50 ni urefu mara 30. Katika bwawa la mita 25 ni mara 60, na hapo ndipo akili ya binadamu huanza kuteleza. Ndiyo maana katika mita 800 na 1,500 mwogeleaji huonyeshwa kadi zenye namba, kumwambia imebaki mara ngapi. Kadi hizo huonyeshwa upande wa kugeukia, ng'ambo ya alikoanzia, na namba zake ni witiri tupu: 29, 27, 25, hadi 1.

Hapo nilisimama kidogo. Ukifika ng'ambo mara ya kwanza umetumia moja kati ya 30, zimebaki 29. Ukirudi ukaenda tena, zimebaki 27. Upande ule hauwezi kamwe kuona namba shufwa. Nami nimetumia miaka nikijiuliza katikati ya maji kama nimefika 17 au 18, ilhali ukuta ulio mbele yangu ungeniambia!

Kwa hiyo nimeshinda? Kadi zinahesabu upande mmoja mmoja, kama mimi.

Nikaendelea kusoma. Kuna kengele au filimbi. Hupigwa upande wa kuanzia, mwogeleaji anapobakiwa na urefu mara mbili na mita 5. Yaani anapokaribia ukuta, akiwa amebakiza kwenda na kurudi. Kengele ya mwisho, ile ambayo kwenye riadha tunaiita kengele ya mzunguko wa mwisho, kwenye bwawa inalilia kwenda na kurudi.

Kadi ni zangu. Kengele ni ya mzee.

Bado nilikuwa na silaha moja. Mbio fupi kuliko zote za mtindo huru kwenye Olimpiki ni mita 50, na bwawa lina mita 50. Wanaruka kutoka upande huu, wanamaliza upande ule, kwisha. Kwa hesabu ya mzee, bingwa wa dunia wa mbio hizo ni bingwa wa nusu mzunguko. Nilipanga kumwambia hivyo nikimwona.

## Saba zinazoishia ng'ambo

Mahali ambapo swali hili lilikwisha kujibiwa sikupata michezoni. Nilipata nilipokuwa nikimsikiliza jamaa aliyerudi kutoka Hijja akisimulia. Sifananishi ibada na mazoezi ya jioni. Nilichotega sikio ni namna ya kuhesabu.

Tawafu ni mara saba kuizunguka Kaaba, kuanzia usawa wa Jiwe Jeusi na kuishia hapo hapo. Hakuna wa kubishana: duara ni duara. Kisha kuna sai, mwendo kati ya Safa na Marwa, nayo ni mara saba. Lakini huko ni kwenda na kurudi. Jamaa akasema, kama jambo la kawaida kabisa, kwamba Safa kwenda Marwa ni moja, Marwa kurudi Safa ni ya pili, na ndiyo maana unaanzia Safa unamalizia Marwa.

Angalia ile saba. Kama kwenda na kurudi kungekuwa moja, ungemaliza pale pale ulipoanzia. Mahali unapomalizia ndipo panapokuambia ulihesabuje.

Pale wameamua, kila mtu anajua, anayekwenda anafundishwa kabla hajafika. Sisi wa bwawani hatujawahi kuambiana. Tunaulizana "ngapi?" na kujibiana namba, kila mtu ana kipimo chake mfukoni.

## Mita 400 ambazo hazipo

Nilidhani angalau wakimbiaji wamepona ugonjwa huu. Uwanja ni mita 400, mizunguko 25 ni mita 10,000, mizunguko 12 na nusu ni mita 5,000. Safi.

Sasa pima. Uwanja wa kawaida una sehemu mbili zilizonyooka, mita 84.39 kila moja, na mapinda mawili yenye nusu kipenyo cha mita 36.50. Ukipiga hesabu kwa kufuata ukingo wa ndani wenyewe unapata mita 398 na kidogo. Ziko wapi mbili zilizobaki? Zinapatikana ukipima kwa mstari wa kufikirika, sentimita 30 kutoka kwenye ukingo, mahali ambapo mguu wa mkimbiaji wa njia ya kwanza unadhaniwa kupita. Hakuna rangi iliyochorwa hapo. Mita 400 ni makubaliano kuhusu mguu wa mtu.

Hamia njia ya nane na mzunguko mmoja unakaribia mita 453. Ni mzunguko ule ule, umeanzia hapo na kuishia hapo, umetoka jasho la mita 53 zaidi. Wanaotembea jioni kwenye njia za nje wakihesabu mizunguko minne kwamba ni kilomita 1.6 wanajidhulumu wenyewe, na hakuna anayewaambia.

Maili ndiyo kichekesho. Mita 1,609.344: mizunguko minne na mita 9 za kuongeza, kwa hiyo wanaanzia nyuma kidogo ya mstari. Na katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mzunguko wenyewe hauna mita 400. Unakuwa mfupi au mrefu zaidi kutegemea kama kidimbwi cha maji kimewekwa ndani ya mapinda au nje yake.

## Aliyeshika hesabu

Mbio hizo za viunzi ndizo zilizonipa kisa ambacho sijakiacha. Los Angeles, Olimpiki ya 1932. Waliokuwa wakihesabu mizunguko ya fainali wakapitiwa, kibao kikabaki nyuma, na wakimbiaji wakazungushwa mara moja zaidi ya inavyotakiwa. Walikimbia kama mita 3,460.

Volmari Iso-Hollo wa Finland alikuwa mbele kwa mbali, akashinda tu. Mkasa uko nyuma yake. Mita 3,000 za haki zilipotimia, Mmarekani Joe McCluskey alikuwa wa pili. Katika mzunguko ule wa ziada, ambao haukupaswa kuwepo duniani, Mwingereza Tom Evenson akampita. Matokeo yakabaki hivyo. Fedha ikaenda kwa Evenson, shaba kwa McCluskey.

Nimejaribu kujiweka kwenye viatu vya McCluskey. Mwili wake ulimaliza mbio. Miguu ilijua. Lakini kibao kilisema bado, na kibao ndicho mbio.

Upande wa pili wa kosa hilo ni kumaliza mapema. Mwaka 2017 mjini Lausanne, Hagos Gebrhiwet wa Ethiopia alivuka mstari kwenye mita 5,000 akiongoza, akainua mikono kushangilia, kumbe umebaki mzunguko mmoja. Wenzake wakampita. Na langalanga, wale wa mbio za magari, wana dawa yao: kwenye mashindano ya Canada ya 2018 bendera ya miraba nyeusi na nyeupe ilipeperushwa kabla ya wakati, basi matokeo yakasomwa kwa mzunguko wa 68 ilhali mbio zilipangwa kuwa za 70. Magari yalipita pale. Madereva waliendesha. Kwenye daftari la dunia, mizunguko hiyo miwili haikutokea.

## Baiskeli zilinifumbua macho

Jibu la mzee nililipata kwa waendesha baiskeli wa uwanjani, wale wa njia ya mbao yenye mita 250 na kuta zilizoinama.

Katika mbio zao za pointi, mtu akichomoka kundini, akazunguka mpaka akalifikia kundi kwa nyuma, anahesabiwa kuwa amechukua mzunguko, na anapewa pointi 20. Mzunguko huo hausomwi kwenye mstari wa kumalizia. Unasomwa kwa watu: umewaacha mpaka umewakuta tena. Ukiwa peke yako uwanjani huwezi kuuchukua hata ukizunguka siku nzima.

Nikarudi kwenye njia yetu ya bwawani, ile iliyofanana na mnyororo wa baiskeli. Kila mzee aliponipita kwa nyuma, alikuwa amechukua mzunguko mmoja mzima juu yangu. Kwenda mita 25, kurudi 25: mita 50. Alinipita mara sita. Sita mara 50 ni 300.

Mimi: 24 mara mita 25, mita 600. Yeye: 18 mara mita 50, mita 900. Tofauti, 300.

Nilikaa kitandani na kalamu mkononi, nikiitazama ile 300 ikitokea mara mbili kwa njia mbili. Hakuna kati yetu aliyekosea hata mara moja. Mzee alihesabu vizuri, nami nilihesabu vizuri. Tulichokosa ni kitu cha kuhesabu.

## Daftari

Ningeishia hapo ningelala usingizi mzuri. Lakini nina daftari.

Huwa naandika kila nikitoka bwawani, mistari miwili mitatu. Nilipolifungua kutafuta kumbukumbu za mwanzo, nikakuta ukurasa nilioukunja ncha kwa fahari. Mwezi wa kwanza: "Mizunguko 20, dk 28. Nimechoka sana." Mwezi wa tano: "Mizunguko 40, dk 27!!" Alama mbili za mshangao, kwa mwandiko wangu. Siku ile nilimwandikia dada yangu kwamba nimeongeza mara mbili. Akanijibu, hongera mdogo wangu, sasa utavuka bahari.

Ishirini kwa dakika 28. Arobaini kwa dakika 27.

Mtu haongezi mwendo mara mbili ndani ya miezi mitano akiwa anafanya mazoezi mara mbili kwa wiki na kuruka moja. Nilirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa kutafuta ni lini namba zilipanda. Zilipanda siku moja. Jumanne mizunguko 20, Ijumaa 38. Katikati yake kuna mstari mfupi: "Nimenunua saa."

Saa za kuogelea husikiliza mwili. Ukisukuma ukuta na kuteleza, inajua umegeuka, inaandika moja. Haijui ulikoanzia, haijui ngazi ziko wapi, kwake ukuta ni ukuta. Nami nikaacha kuhesabu kichwani, nikawa nanakili inachosema. Kabla ya saa nilikuwa nikihesabu kama mzee, kwenda na kurudi. Baada ya saa nikawa mtu wa upande mmoja, na sikugundua kwamba nimehama.

Mizunguko 20 ya zamani ni mita 1,000. Mizunguko 40 mipya ni mita 1,000.

Miezi mitano, dakika moja.

Sijamwandikia dada.

## Ngwe

Nilichokifanya tangu hapo ni kutafuta jina la upande mmoja, ili mzunguko ubaki na kazi yake ya kurudi. "Urefu" ni sahihi ila ni baridi. Hakuna anayesema nimeogelea urefu arobaini akajisikia mtu. "Raundi" nimewaachia mabondia. "Safari" nililipenda siku mbili, kisha nikaona safari nayo ina kwenda na kurudi ndani yake.

Sasa natumia ngwe. Ngwe ni kipande cha shamba alichopimiwa mtu alime: una mwanzo, una mwisho, ukimaliza unasimama, unanyoosha mgongo, unapewa nyingine. Watangazaji wa mpira wameshaichukua, wanasema ngwe ya pili, ngwe ya lala salama. Sijasikia mtu akiipeleka majini. Lakini ukiwa na uso ndani ya maji na mstari mweusi chini yako, mkono baada ya mkono, inafanana na kulima kuliko inavyofanana na kuzunguka. Ngwe 40. Daftarini naweka na mita pembeni, kwa sababu sijiamini tena.

Juzi nikamkuta mzee, amekaa pale pale, viwiko juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo ngapi?"

"Mita mia nane."

"Sikuuliza mita."

Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamuuliza mzunguko wake ni kwenda tu, au kwenda na kurudi. Akanitazama kama nimemuuliza jua linachomoza upande gani. Nikamtolea ile hoja ya mita 50 na bingwa wa nusu mzunguko. Akaisikiliza yote, kwa adabu.

"Taulo lako umeliweka wapi?"

Nikageuka. Lilikuwa kwenye benchi nyuma yetu, karibu na ngazi tulizoshukia.

"Sasa ukifika kule ukaambiwa umemaliza," akasema, akinyoosha kidevu kuelekea ukuta wa ng'ambo, "utajifutia nini?"

Akashusha miwani. Tukaondoka pamoja, yeye akatangulia mara moja, nami nikashika kulia kwangu na kuinamisha uso. Nilikuwa narudi kwa mara ya pili, ukuta umekaribia, niliposikia maji yakipasuka kando ya sikio.

Nikahesabu: moja.